Mashine Iliyojiona Imemaliza

Dakika ya ishirini na mbili mashine ya kukaushia ilisimama, ikalia kengele yake ya kujisifu, ikawasha taa ya kijani kunijulisha kwamba kazi imekwisha. Nikafungua mlango, nikatia mkono. Shuka zilikuwa mbichi. Si unyevu ule wa kusema zipigwe upepo kidogo. Mbichi za kukamua maji yakatoka. Nikaubamiza mlango mpaka kioo kikatetemeka, nikaiambia mashine neno ambalo mke wa mtu halisemi mbele ya baba mkwe wake.

Baba mkwe alikuwa kwenye stuli yake kando ya dirisha, anakunja foronya. Hakuinua uso. Yule mzee ana adabu ya aina yake: anasikia kila kitu, lakini yale ya kumwaibisha mtu anayaacha yapite.

"Imesimama tena?" akauliza.

"Imesimama tena, baba. Wiki ya tatu hii. Hii mashine itaniua."

"Pole, mwanangu," akasema, akaitazama mashine kwa huruma, kana kwamba ndiyo iliyostahili pole kuliko mimi.

Mimi ni dobi. Sioni haya kulisema, ingawa kuna majirani wanaonitambulisha kwa wageni wao kama "mama wa usafi" wakidhani wananipandisha cheo. Nafua nguo za watu, nazikausha, nazipiga pasi, nazikunja. Chumba cha mbele cha nyumba yetu, ambacho kwa wenzetu kina makochi na televisheni, kwangu kina mashine mbili za kufulia, meza ndefu ya pasi, na draya moja tuliyoinunua hoteli fulani ilipofunga milango. Ilibebwa na wanaume wanne, na mmoja wao mpaka leo akiniona anashika kiuno. Kitufe cha kupanga dakika kwa mkono kilikuwa kimekufa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ilibaki njia moja tu: unaingiza nguo, unabonyeza, mashine yenyewe inapima na kuamua lini zimekauka. Kwa miaka miwili iliamua vizuri. Nikawa naiamini kuliko baadhi ya ndugu wa mume wangu.

Mteja wangu mkubwa ni zahanati ya wazazi iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Kila siku ya kazi gari lao linachukua kikapu cha shuka safi asubuhi, na alasiri linaleta kikapu cha shuka chafu. Wateja wengine ni wa suti moja leo, pazia mbili mwezi ujao. Bila zahanati, zile mashine zote ni mapambo, na mimi nirudi kufua kwa mikono majumbani mwa watu kama nilivyoanza, mgongo ukiwa na umri wa miaka ishirini. Sasa hauna umri huo.

Metroni wa zahanati ni mwanamke mwembamba anayeongea taratibu, na anavyozidi kukasirika ndivyo sauti yake inavyozidi kushuka. Jumatatu ile alinipigia simu, ikabidi nizibe sikio la pili ndipo nimsikie.

"Dada dobi, nimepokea shuka mbichi mara tatu. Mama ametoka kujifungua sasa hivi, nimlaze kwenye shuka mbichi? Ijumaa nitazipokea mimi mwenyewe. Nikigusa hata moja ina unyevu, kazi nampa mwingine. Sina ugomvi na wewe."

Mtu akikwambia kwa sauti ya chini kwamba hana ugomvi na wewe, huna hata pa kuanzia kujitetea.

Na tafadhali asiniambie mtu kwamba ningeanika nje. Nimeambiwa na kila aliyepita mlangoni kwangu, mpaka na muuza mkaa. Mvua ilikuwa inanyesha wiki ya nne mfululizo, jua likitoka linachungulia tu na kurudi ndani. Tena zahanati haitaki shuka zilizoanikwa kwenye kamba, kwa sababu ya vumbi na ndege. Wanataka zipite kwenye moto. Ndiyo maana ya kuwa na draya.

Baba mkwe alihamia kwetu mama mkwe alipofariki. Alikuja na sanduku moja, redio isiyoshika stesheni, na ile stuli. Mume wangu ni dereva wa lori, siku ishirini katika mwezi yuko barabarani, kwa hiyo aliyekaa na mzee kweli ni mimi. Wiki za kwanza niliona taabu. Unamwambia nini mtu aliyezoea kuamshwa na king'ora cha kiwanda? Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, katika ukumbi wa mashine za kufuma, mpaka kiwanda kikafungwa na wao wakapewa kila mtu barua na mkono wa kwaheri. Mikono yake haikupokea ile barua. Siku ya tatu tu nilimkuta amezipanga pini zangu zote za kuanikia kwa rangi. Siku ya nne akavuta stuli mpaka chumba cha mbele, akaanza kukunja foronya, kona kwa kona, bila kuombwa. Tangu hapo nikapata mwenzangu wa kazi.

Mfukoni hakosi vitu vitatu: kitambaa safi, penseli fupi, na kipande cha mshumaa. Mshumaa ni wa umeme ukikatika, ndivyo nilivyojua mimi. Alikuwa anaamka kabla yangu, na nikiamka namkuta tayari kwenye stuli, amefagia, amefungua dirisha. Huisalimia draya asubuhi kama anavyonisalimia mimi. Mume wangu alicheka nilipomwambia kwenye simu. "Huyo ndiye baba," alisema. "Sisi tulipokuwa wadogo alikuwa akizijua mashine zake kwa majina, sisi watoto akituchanganya."

Basi mashine ilipoanza ukorofi wake, sikuwa mjinga wa kukimbilia fundi. Nilianza na yale ninayoyajua. Chujio la nyuzi nalisafisha kila baada ya mzigo, lakini nikalitoa nikaliosha kwa brashi ya meno na maji ya moto. Hakuna nafuu. Nikaivuta draya kutoka ukutani, peke yangu, nikiisukuma kwa makalio na kuomba dua, nikakuta bomba la hewa ya moto limejikunja nyuma na ndani yake kuna soksi ya mtu iliyokuwa ikitafutwa tangu mwaka jana. Nikashangilia. Nikalinyoosha bomba, nikatoa soksi, nikairudisha mashine mahali pake. Ikakausha dakika ishirini na nne badala ya ishirini na mbili, ikalia kengele, ikawasha kijani. Mbichi.

Nikasema labda nazijaza mno. Nikapunguza, nikatia nusu. Ikasimama dakika ya kumi na tano! Nikatia shuka sita tu, nikiwa nimeshika kiuno mbele yake. Dakika tisa. Yaani kadiri nilivyoihurumia ndivyo ilivyozidi kunidharau. Nikawa naizungusha mara tatu, mara nne kwa mzigo mmoja, nabonyeza, nasimama, nabonyeza tena, siku nzima nimekuwa mtumwa wa kitufe. Umeme unakwenda kama maji, shuka zinatoka katikati zina joto na kona zina maji.

Na chujio likawa linajaa kuliko zamani, bila shaka kwa sababu ya mizunguko ile yote. Siku moja nililitoa, nikamwonyesha baba mkwe lile blanketi dogo la kijivu lililokuwa limeganda juu yake.

"Tazama nyuzi hizi, baba! Inazila shuka za watu, halafu haizikaushi. Bora ingefanya moja!"

Alilipokea lile blanketi mkononi, akalisugua kati ya vidole kwa muda mrefu. "Nguo inakwaruzwa," akasema.

"Inakwaruzwa, inakaangwa, mimi nijuaje," nikajibu, nikaendelea na shughuli zangu. Kusema kweli sikumsikiliza. Mtu akiwa na hasira masikio yake yanasikia yeye mwenyewe tu.

Fundi nilimwita Jumanne. Mtaani tunamwita Ishapona, kwa sababu kabla hajafungua hata skrubu moja huwa anaipiga mashine kofi la mgongoni na kusema, "Hii ishapona, mama." Kazi yake hasa ni majokofu. Alifungua mgongo wa draya, akachokoa, akasema ni hita. Akabadilisha hita. Tulijaribu na taulo mbili, zikatoka zina joto zuri, akaondoka anapiga mluzi. Nikatia shuka ishirini. Dakika ya kumi na nane, kengele, kijani, mbichi.

Jumatano akarudi, akasema hita ni nzima, ila umeme wa mtaa huu ni mdogo. "Mdogo vipi? Mbona pasi inaunguza?" nilimuuliza. Akasema pasi ina tabia yake. Jamani! Nilikaa chini kwenye sakafu, nikaegemea ile mashine, nikalia. Sikulia kwa maringo, nililia kwa sauti, na Ishapona akawa anakusanya bisibisi zake haraka haraka kama mtu aliyeona mvua.

Baba mkwe akaja akasimama karibu yangu. Hakunigusa, mkwe hagusi. Akasema, "Usilie, mwanangu. Itakaa sawa. Naishughulikia."

Nikafikiri ananifariji tu. Wazee husema hivyo.

Alhamisi asubuhi nilimpigia Ishapona simu nikamwambia aje, na safari hii hatoki humu ndani mpaka nishike shuka kavu. Nadhani sauti yangu ilimtisha, maana alifika hata chai hajanywa. Hakuipiga mashine kofi. Alikaa chini, akakunja miguu, akaingiza kichwa chote ndani ya lile pipa linalozunguka, na simu yake ikiwa imewashwa tochi. Alikaa humo kitambo. Sauti yake ikatoka inavuma.

"Mama, unatia ile dawa ya kulainisha nguo? Ile ya kunukia?"

"Tone moja sitii. Metroni hataki harufu kwenye shuka za vichanga."

"Basi hiki ni nini?"

Akatoa kichwa, akanionyesha ukucha wake. Chini yake kulikuwa na kitu cheupe, laini, kimejikunja. Akakinusa, akakiponda kati ya vidole.

"Hii ni nta," akasema. "Nta ya mshumaa."

Akanivuta nione. Ndani, karibu na mlango, kuna vyuma viwili vyembamba vilivyolala sambamba, virefu kama penseli mpya. Nilikuwa nimeviona kila siku kwa miaka miwili bila kujiuliza ni vya nini. Ishapona akaeleza, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni fundi kweli. Vile vyuma ndivyo mkono wa mashine, alisema. Nguo ikizunguka inavigusa. Ikiwa mbichi, maji yanaunganisha chuma na chuma, umeme mdogo unapita, mashine inajua bado. Nguo ikikauka, hakuna kinachopita, mashine inajua imekwisha. Sasa mtu akivipaka nta, vyuma vinakuwa havihisi kitu. Mashine inaona kukavu kila inapopapasa, inajiona imemaliza kazi. Na ukitia nguo chache, ndio kabisa, maana zinavigusa kwa nadra.

"Lakini nta imefikaje humu?" nikauliza. "Nani anakausha mishumaa?"

"Ni mimi."

Baba mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Na kitu ambacho sitakisahau ni kwamba alikuwa anatabasamu. Alidhani tumekuja kwenye sehemu yake sasa, sehemu anayoijua, na kwamba tunataka kumpongeza.

"Hiyo ni kazi yangu," akasema. "Nimeipaka vizuri, sivyo? Kiwandani ndiyo ilikuwa kazi yangu, kupaka nta vyuma vya kupitishia nyuzi, ili uzi upite usikwaruzwe. Mashine mia na ishirini, kila asubuhi, kabla hazijawashwa. Hii nikaona vyuma vyake viko vikavu, havijawahi kupakwa. Mwezi uliopita nikavipaka kidogo. Halafu mwanangu akaanza kulalamika, na nyuzi zikawa nyingi kwenye chujio, nikajua nguo zinakwaruzwa, nta haijatosha. Nikawa naongeza. Kila asubuhi, kabla hujaamka. Jana ulipolia nikapaka mara mbili."

Ishapona akaanza kucheka. Hakuwa na nia mbaya, lakini alicheka kile kicheko cha tumbo, akajipiga paja, akasema, "Mzee! Mzee umetumaliza! Mama anahangaika na hita, kumbe mzee anaipaka mafuta ya nywele!"

Lile tabasamu likabaki usoni kwa mzee kidogo, halikujua liende wapi.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kwenda jikoni nikanywa maji. Nilikuwa na wiki tatu za shuka mbichi kichwani, na simu ya metroni, na hita niliyoibadilisha bure, na Ijumaa ilikuwa kesho. Nikamgeukia mzee ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu niolewe.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Usiguse tena kitu humu ndani. Chochote. Usinigusie mashine, usinigusie nguo, usinigusie vikapu. Kaa tu, baba. Pumzika. Umenielewa?"

Ishapona akaacha kucheka.

"Nimekuelewa, mwanangu," baba mkwe akasema.

Dawa ilikuwa siki na kitambaa. Siki ya kawaida, ya jikoni. Tulisugua vile vyuma mpaka vikang'aa, Ishapona akavipapasa kwa kidole akaridhika, na safari hii ndipo aliposema, kwa unyonge, "Ishapona." Nikatia shuka ishirini. Dakika ya ishirini na mbili ikapita. Nikashikilia ukingo wa meza. Thelathini ikapita. Arobaini. Ilipofika arobaini na saba ikalia kengele, nikafungua, nikazamisha mikono yote miwili mpaka viwiko. Kavu! Kavu mpaka kwenye pindo, kavu mpaka kwenye kona. Nikaikumbatia shuka moja usoni mbele ya fundi, na wala sikuona aibu.

Siku ile nilifanya kazi kama nimerudishiwa mikono yangu. Shuka zote za zahanati zikakauka kwa zamu mbili, nikazipiga pasi, nikazikunja. Baba mkwe alikuwa amekaa kwenye stuli na mikono juu ya magoti. Foronya zilikuwa kwenye beseni miguuni pake. Nilizikunja mwenyewe mwishoni, na niliona anaangalia kona zangu, ambazo hazikukutana vizuri. Niseme ukweli wote: niliona nafuu. Nilisema moyoni, acha apumzike, angalau leo hakuna wa kuniharibia.

Ijumaa gari la zahanati huja saa nne asubuhi, na dereva wake hateremki, anapiga honi getini. Kwa hiyo saa tatu na nusu nilikipakia kikapu kikubwa, kile chenye magurudumu, nikakisukuma mpaka nje karibu na geti. Anga lilikuwa jeupe, hakuna dalili ya mvua. Nikakumbuka umeme umebaki kidogo sana kwa mizunguko ile yote ya bure. Nikasema niende mara moja dukani pale kona nikanunue, nirudi kabla ya honi.

"Baba, naenda dukani," nikasema. Alikuwa kwenye kiti cha barazani.

"Haya, mwanangu."

Dukani kulikuwa na foleni, na mwenye duka alikuwa anabishana na mteja kuhusu mayai. Zamu yangu ikafika, nikalipa, mara nikasikia bati linapigwa juu ya vichwa vyetu. Si manyunyu. Mvua yenyewe, iliyokuja bila hodi. Nikamnyang'anya mwenye duka karatasi ya namba za umeme, nikakimbia na kandambili mkononi. Nilikuwa nasema kwa sauti njia nzima, metroni nisamehe, metroni nisamehe, kwa sababu nilijua yamekwisha. Wiki tatu, hita, siki, machozi, na mwisho shuka zimelowa getini mwangu mwenyewe.

Nikasukuma geti. Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye mvua. Alikuwa amevua koti lake, amelishika kwa mikono miwili, amelitandaza juu ya kikapu, mikono ameinyoosha mbele na mgongo ameuinamisha ili liwe kama paa. Shati lilikuwa limemganda mwilini, mbavu zinahesabika. Kati ya koti na shuka kulikuwa na nafasi ya shibiri, na nafasi hiyo aliilinda kwa bidii kuliko kitu chochote. Kutoka pale hadi chini ya paa la baraza ni hatua nne. Kikapu kina magurudumu. Angekisukuma kwa goti, kingefika.

"Nilikuita, mwanangu," akasema, meno yanagongana. "Nikamwita na jirani, lakini redio yake iko juu. Sikugusa. Hata moja sikugusa."

Alisema hivyo kunitoa wasiwasi.

Nilikisukuma kikapu mpaka ndani, nikarudi nikamshika mkono, ndiyo, mkono, mkwe au si mkwe, nikamwingiza na yeye. Nikampa taulo kavu na chai. Shuka za juu nne zilikuwa zimepata matone, nyingine zote zilikuwa kavu kama nilivyozikunja. Nikaingiza namba za umeme vidole vikikosea mara mbili, nikazitia zile nne kwenye draya. Honi ikalia. Nikatoka nikamwambia dereva asubiri, akasema hasubiri, nikamwambia atasubiri, akaniangalia usoni, akazima injini. Mashine ilizunguka mpaka ilipohisi kweli kwamba zimekauka. Nikazipiga pasi, nikazikunja, kikapu kikaondoka kimefunikwa nailoni.

Saa sita metroni akapiga simu. Sikuhitaji kuziba sikio. "Dada dobi, nimezigusa zote," akasema. "Endelea na kazi yako."

Nilimwendea baba mkwe barazani. Alikuwa amebadilisha nguo, amekaa wima, mikono juu ya magoti. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia nisamehe, baba, nilikuwa na hasira, nilisema nisilopaswa kusema. Akasema hapana, mwanangu, hakuna kosa, mashine ni yako na mimi nilikuharibia. Akasema kiwandani pia alikuwepo msimamizi aliyekuwa mkali, na alikuwa mtu mzuri. Nilitamani anigombeze.

Alasiri gari likarudi na kikapu kipya cha shuka chafu, kizito, likakishusha getini. Nikamwita, kwa sauti ya kawaida, kama nilivyokuwa nikimwita siku zote.

"Baba, njoo ushike upande huo tuingize."

Akainuka. Akaja mpaka kwenye kikapu, akasimama, akajifuta viganja kwenye suruali. Hakuinama.

"Niguse hiki tu, mwanangu," akauliza, "au na vingine?"

"Vyote, baba. Vyote."

Akashika ukingo wa kikapu kwa vidole viwili, akaniangalia usoni kuona kama nitakasirika.